Tamthilia iliyojadiliwa na nchi nzima bila kutazamwa: uhakiki wa michezo ya tamasha uko wapi?

#1 · MLETA UZI (mwalimu wa Kiswahili, Magharibi mwa Kenya)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, wenye haraka warukie wachangiaji huko chini.

Aprili 2025, wasichana wa Shule ya Upili ya Butere walipanda jukwaani Nakuru kwenye Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka. Mchezo wao, Echoes of War, haukuchezwa. Hadhira hawakupewa, nje polisi walikuwa wanarusha vitoza machozi, na mtunzi wao Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega, alikuwa ameshakamatwa. Hayo mnayajua. Wiki ile hakukuwa na matatu, kituo cha redio wala kundi la WhatsApp lisilokuwa na msimamo juu ya mchezo ule.

Swali langu sasa. Ni nani humu anaweza kuniambia kama ulikuwa mchezo mzuri?

Siulizi kama ulikuwa na haki ya kuchezwa. Hilo Mahakama Kuu ilikuwa imelijibu kabla ya Nakuru: uchezwe. Nauliza mchezo wenyewe, kama mchezo. Mgogoro unashika wapi? Wahusika wanaongea kama watu au kama mabango ya maandamano? Mtawala ana hoja yoyote, au amewekwa pale azomewe? Tulichokuwa nacho karibu sote ni muhtasari wa magazeti: ufalme wa kubuni unaojikwamua baada ya vita, vijana wenye simu, wazee wenye madaraka. Kwa sentensi hiyo moja, na kumbukumbu ya maandamano ya vijana ya Juni 2024 ambayo bado ilikuwa mbichi, wengine wakauita ushujaa na wengine uchochezi.

Mwaka 2013 ilikuwa vivyo hivyo. Shule ileile, mtunzi yuleyule, mchezo Shackles of Doom. Ukapigwa marufuku kwa madai ya kuchochea ukabila, mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda kortini, Jaji David Majanja akaondoa marufuku. (Omtatah mwenyewe ni mtunzi wa tamthilia, Lwanda Magere ni yake. Kwa hivyo aliyesimama kortini siku ile alikuwa pia mtu wa jukwaa, na sidhani kama hilo limewahi kutiliwa maanani vya kutosha.) Leo ukitaka kusoma kitu cha maana kuhusu mchezo ule utapata uamuzi wa mahakama. Tahakiki mimi sijaiona. Yaani maandishi mazito zaidi niliyowahi kuyasoma kuhusu tamthilia ya wanafunzi wa Kenya yameandikwa na jaji wa korti, na kwa haki kabisa jaji huyo hakuwa na sababu ya kutuambia kama tendo la pili linalegea.

Tamasha lenyewe si dogo. Lilianza 1959, zama za mkoloni, likiwa la michezo ya Kizungu, mpaka miaka ya 1970 watu kama Wasambo Were walipolisukuma likawa la watunzi wa hapa. Leo ni kaunti ndogo, kaunti, eneo, halafu taifa, na kila mwaka shule zinaibuka na kazi mpya: tamthilia, mashairi, masimulizi, densi, filamu. Sidhani kama kuna pahali pengine Afrika Mashariki panapozaa tamthilia mpya nyingi hivi. Na sidhani kama kuna pahali zinapokufa haraka hivi.

Waliowahi kukaa ukumbini wanajua mambo yanavyokwenda. Michezo kadhaa inachezwa, halafu mwamuzi anasimama na karatasi zake. Dakika hizo chache ndizo uhakiki wa pekee wa maonyesho ambao Wakenya wengi watawahi kuusikia maishani, na baadhi ya waamuzi ni hodari kupindukia. Nimemsikia mmoja akimwambia mwelekezi mbele ya watu kwamba mchezo wake una hotuba mbili zisizo na mwenyewe, kwamba ukizitoa kwa mhusika mmoja na kumpa mwingine hakuna kitakachobadilika. Ukumbi ukacheka, ila walimu wote tukainama kuandika, kwa sababu kila mmoja alijua hotuba yake iko wapi. Maneno kama hayo yalistahili kuchapishwa. Jioni matokeo yakasomwa, na mazungumzo yote yakawa nani ameibiwa.

Aina ya pili ya uhakiki tunayoijua ni ya mtihani wa tamthilia teule. Mstahiki Meya ya Timothy Arege, Kigogo ya Pauline Kea, kisha Bembea ya Maisha. Eleza sifa sita za Majoka. Fafanua umuhimu wa Tunu. Mwanafunzi ananunua mwongozo, anakariri maudhui, mbinu, wahusika, anapita mtihani, na hajawahi kujiuliza kwa nini onyesho hili limekuja kabla ya lile. Tunachambua tamthilia kama watu wanaochambua mchele, mawe huku, chuya kule, punje pale, na hakuna anayeinjika sufuria.

Kati ya alama za mwamuzi na mwongozo wa mtihani, hakuna nafasi ya mtu aliyekaa, akatazama, akaenda nyumbani akaandika: nimeona hiki, hiki kilinishika, hiki kiliniudhi, na sababu ni hizi. Magazeti ya Kiingereza yamekuwa na watu kama Margaretta wa Gacheru, lakini macho yao mara nyingi yako kwenye majukwaa ya Nairobi. Kumbi za shule huko Kakamega au Kitui hazina mtu.

Ndiyo maana mchezo unapopigwa marufuku tunabaki na mikono mitupu. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilichezwa na kuchapwa 1969 Dar es Salaam, na mpaka leo watu wanabishana: je, Kinjeketile, mganga aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani, aliamini maji yake? Amemezwa na pepo au amemezwa na wafuasi wake? Hussein mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi kwamba huyo wa jukwaani si yule wa historia ya Majimaji, na bado ubishi haukuisha. Wanaobishana wengi hawajauona mchezo ukichezwa, lakini wana kurasa mkononi. Sisi wa tamasha tuna nini mkononi?

Karibuni. Povu ruksa, matusi hapana.

#2

Nimekaa paleee. Kila mwalimu wa drama ana kisa cha kuibiwa ubingwa, leo tutavisikia vyote.

#3 · Dar es Salaam

Mleta uzi umeshusha nondo, heshima yako. Ila kuna jambo umelipita kwa mwendo wa basi la mkoani. Unaongea kana kwamba bila gazeti hakuna uhakiki.

Turudi kwenu kwanza, Kamiriithu, Limuru, 1977. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika tamthilia ya Kikuyu Ngaahika Ndeenda (Nitaolewa Nikipenda), lakini rasimu ilipofika kijijini wakulima na vibarua wa viwandani waliisoma na kuigeuza. Walisahihisha lugha. Mzee hawezi kuongea hivi, wimbo huu hauimbwi hivi, mshahara wa kiwandani haulipwi hivi. Mazoezi yalifanywa hadharani, anayepita anasimama, anatazama, anatoa kasoro. Kufika siku ya ufunguzi, Oktoba 1977, nusu ya hadhira walikuwa wahakiki waliokwisha kufanya kazi yao. Serikali ikafuta kibali mwezi uliofuata, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akawekwa kizuizini. Mwaka 1982 wakaja kubomoa ukumbi wenyewe. Hukumu haikuwa juu ya karatasi, maana kitabu hakikupigwa marufuku kwa namna ile. Walichokiogopa ni wale watu kukaa pamoja na kuujadili mchezo.

Halafu njoo kwetu. Malya, wilaya ya Kwimba, 1982 hadi 1983. Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kijijini bila mswada. Wanakijiji wakataja matatizo yao, wakatengeneza mchezo kwa ngoma na nyimbo zao, wakacheza, na baada ya onyesho mjadala. Mjadala ule ulikuwa sehemu ya kazi, haukuwa kiambatanisho. Na kuanzia 1996 mradi wa TUSEME umewapeleka wasichana wa sekondari njia hiyohiyo: taja tatizo, liigize, kaa na walimu wako mlizungumze.

Sasa nikuulize, kwa nini kipimo chako kiwe karatasi?

#4

#3 nakuunga mkono, ila tukubaliane kitu kimoja. Mjadala wa Malya ulikuwa juu ya tatizo. Ulisaidia kijiji. Mleta uzi anaulizia mjadala juu ya mchezo. Ukisema "mimba za mashuleni ni tatizo" hujahakiki tamthilia, umekubaliana nayo tu.

#5 · (niliwahi kuwa mwamuzi, eneo silitaji)

Nimesoma yote, na kwa kuwa tumetajwa, acheni niseme kidogo kutoka upande wa pili wa meza.

Kwanza, mnadhani mwamuzi anasema anachofikiri. Hapana. Mbele yako wamekaa watoto wa miaka kumi na sita waliolala kwenye madarasa ya shule ya watu, wengine wamesafiri usiku. Nyuma yao wamekaa walimu wakuu waliotoa pesa za basi, maleba na mwelekezi wa kukodi kutoka mjini. Ukisema mchezo ni mbovu umewavunja watoto na umejitafutia maadui. Kwa hivyo tuna lugha yetu. "Kuna nafasi ya kuboresha" maana yake sikuelewa kitu. "Mchezo wenye ujumbe mzito" maana yake hamna mchezo, kuna ujumbe. Walimu wazoefu wanaijua lugha hii, wageni wanapiga makofi.

Pili, kazi yangu pale haikuwa kuhakiki. Kazi yangu ilikuwa kupanga: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ukishaanza kupanga unatafuta vitu vinavyohesabika. Sauti imefika? Mandhari yamebadilishwa upesi? Maleba yanalingana? Mchezo wa kimya, wenye watu wawili wameketi wanasemezana, unaingia kwenye mashine hiyo ukiwa umeshindwa tayari. Ndiyo maana michezo yetu ina watu arobaini jukwaani, ngoma mbili na moshi.

Tatu, na hili ndilo linanikera hasa. Tamasha lina mada za mwaka, na taasisi za umma hutoa tuzo maalum kwa kazi zinazogusa shughuli zao. Sina ugomvi na tuzo. Lakini watunzi si wajinga. Matokeo yake unakaa unatazama mchezo mzuri wa familia, mama na mwana hawaelewani, ukumbi umetulia tuli, na ghafla mjomba anageukia hadhira kueleza umuhimu wa kulipa kodi. Nimewaona wajomba wengi wa namna hiyo. Mwishoni kuna Ikulu, washindi wanakwenda kucheza mbele ya Rais. Mtunzi anayeandika huku anaiona Ikulu kwa mbali haandiki sawasawa na yule anayeandika huku anamwona jirani yake.

Kwa hivyo udhibiti haukuanza Nakuru na vitoza machozi. Unaanza mapema zaidi, mezani kwa mtunzi, wala hauhitaji polisi.

#6

Mjomba wa kodi 😂😂😂 namjua huyo! Kuna na shangazi wake wa miche.

#7 · Nairobi

Mnazunguka mbuyu. Semeni ukweli, Malala ni mwanasiasa. Alikuwa katibu mkuu wa chama tawala, UDA, mpaka 2024, akaondolewa, na miezi michache baadaye ana mchezo wa wasichana wa shule unaompiga mtawala. Huo ni ukumbi wa maonyesho au ni mkutano wa hadhara uliovishwa sare ya shule? Watoto walitumika. Na hata Waziri wa Elimu aliuliza, mtu asiyekuwa mwalimu anafanya nini na wanafunzi. Swali zuri hilo.

#8 · MLETA UZI

#7 karibu sana, maana wewe ndiye mfano wa ninachokisema, na sikudharau.

Unasema mchezo ulikuwa mkutano wa hadhara. Inawezekana kabisa! Hilo ni dai la kihakiki, na lina njia yake ya kuthibitishwa. Tamthilia inayoandikwa kulipiza kisasi hujionyesha: mtawala hana siri wala hofu, hapewi sentensi hata moja inayomfanya mtazamaji asite. Waasi hawakosei. Kila mtu jukwaani anajua mwisho tangu mwanzo. Tungekuwa tumeuona tungekujibu kwa mifano, onyesho kwa onyesho, na pengine ningekuwa upande wako. Lakini umeondolewa ushahidi wako pamoja na wangu. Waliouzuia waliwanyima Malala na wapinzani wake kitu kilekile.

Kuhusu watu wa nje kuandikia shule, #5 ameshasema waelekezi wa kukodi wamejaa. Hilo halikuwa siri kwa yeyote aliyewahi kuingia ukumbini. Likawa kosa mwaka ule.

#3, hoja yako ya karatasi imenikalia vizuri lakini sijasalimu amri. Kamiriithu tunaijua leo kwa sababu Ngũgĩ aliandika jinsi wanakijiji walivyomsahihisha. Malya tunaijua kwa sababu Muhando na Lihamba walikuwa wasomi, waliandika. Mjadala wa mdomo ulikuwa na nguvu pale, siku ile, kwa watu wale. Sisi tuliokuja baadaye tumeupata kwa karatasi. Fikiria vijiji vingine vilivyofanya hivyohivyo na havikuwa na profesa.

Na kuna mfano mwingine ninaoupenda, wa Mtanzania aliyetuandikia sisi Wakenya. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake Wambui na ukoo wa Umira Kager wakagombania maiti kortini mpaka Mei 1987. Nchi nzima ilibishana kama ilivyobishana juu ya Butere. Mwaka 1988 Ebrahim Hussein akatoa Kwenye Ukingo wa Thim, tamthilia iliyotokana na kesi hiyo. Leo kesi yenyewe wanafunzi wangu hawaijui, lakini nikiwapa tamthilia wanagawanyika darasani juu ya Martha, mjane wa mchezo huo, ndani ya robo saa: amedhulumiwa na mila, au alijidanganya kwamba mumewe alikuwa ameziacha? Mimi binafsi naona Hussein anampendelea Martha mwanzoni kisha anamwacha peke yake pale anapohitaji hoja yenye meno. Nishambulieni kwa hilo, kitabu kipo.

#9 · Dar es Salaam (wa #3)

Hapo kwa Martha umeniudhi, tutalirudia. Hussein hamwachi. Anamwonyesha alivyoachwa, na hayo ni mambo mawili. Kumpa hoja yenye meno wakati watu wote wamemfungia masikio kungekuwa kumdanganya mtazamaji.

Kuhusu mitihani, usidhani sisi huku tumepona. Ngoswe ya Edwin Semzaba. Afisa wa sensa anakwenda kijijini kuhesabu watu, anamwona Mazoea, sensa kwaheri. Ni mchezo wa kuchekesha kweli, umejengwa kwa kucheleweshana: kazi inasogezwa, inasogezwa, mpaka karatasi zinateketea. Muulize kijana aliyetoka kidato cha nne Ngoswe inahusu nini. Atakwambia: dhamira kuu ni uzembe, dhamira ndogondogo ni mapenzi, ulevi, umuhimu wa elimu. Fani na maudhui, basi. Muulize alicheka wapi. Anakushangaa, kwani kwenye mtihani kuna swali la kucheka?

#10 · (nilikuwa mwigizaji, sasa ni mama wa mtoto mmoja)

Samahanini naingilia watu wakubwa. Mimi nilicheza tamasha nikiwa kidato cha tatu, tukafika eneo, tukaishia hapo. Muhula mzima tulijifunza kutembea, kugeuka, kupaza sauti. Hakuna siku mtu alituuliza sisi waigizaji tunauonaje mchezo. Nilikuwa na mstari ambao sikuwahi kuuelewa, nikausema kwa sauti kubwa kila siku.

Nikitazama ile video ya Butere, wale wasichana wanasimama mbele ya kamera wanaeleza wenyewe kwa nini hawachezi, nilijiambia hawa mtu aliwauliza. Au walijiuliza.

Ila mkianza hiyo hakiki yenu naomba kitu. Msiandike "msichana aliyecheza malkia alikuwa dhaifu". Ni mtoto, atasoma hayo simu ya shangazi yake. Mchambueni mtunzi na mwelekezi, hao wamelipwa.

#11

#10 wewe ndiye umeongea. Mods pandisheni hii comenti juu.

#12 · Ujerumani (eneo la Ruhr)

Nasoma uzi huu nikiwa treni. Niongeze cha huku, mtakachochukua chukueni.

Mji wa Mülheim una tamasha la tamthilia mpya za Kijerumani tangu 1976. Michezo iliyochaguliwa inaletwa kutoka kumbi mbalimbali, lakini tuzo haiendi kwa onyesho, inaenda kwa andiko. Euro 15,000 kwa mtunzi. Mwandishi wa Austria Elfriede Jelinek ameichukua mara nne. Kinachofurahisha ni siku ya uamuzi: majaji hawajifungii chumbani. Wanakaa mbele ya watu, wanabishana kwa sauti, mmoja anasema mchezo fulani umenichosha na mwenzake anamkatiza, halafu kila mmoja anapiga kura hadharani, kwa jina lake. Ukikasirika unajua wa kumkasirikia. Watazamaji nao wana tuzo yao pembeni.

Siwauzii Uzungu. Kuna majigambo mengi pale, watu wanaongea kusikia sauti zao. Lakini mtunzi aliyeshindwa anarudi nyumbani na sababu. Nadhani hilo ndilo #5 anatamani lakini fomu yake haikumruhusu.

#13 · (mwamuzi wa #5)

#12 umenigusa. Hebu fikirieni waamuzi wetu wakipewa hata nusu saa ya kubishana mbele ya ukumbi kabla ya kutangaza. Walimu wangetupiga viti mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu wangekuwa wanakuja kwa ajili ya ubishi wenyewe. Lakini hakuna mwamuzi atakayekubali hilo hali ya kuwa anajua atalala mji uleule na timu zilizoshindwa 😄

#14 · Kampala

Kidogo tu. Kampala International Theatre Festival, tangu 2014, huwa na nafasi ya kusoma miswada mipya mbele ya watu, waigizaji wana karatasi mkononi, hakuna maleba wala mandhari. Ukiondoa moshi na ngoma, mjomba wa kodi hana pa kujificha. Hilo halihitaji pesa nyingi. Shule yoyote inaweza kulifanya Januari kabla ya kukodi basi.

#15 · Nairobi (wa #7)

Mleta uzi, umejibu kistaarabu kwa hiyo nami nitulie. Nimeelewa kwamba sikuuona mchezo. Lakini nawe hukuuona, na umeanzisha uzi mzima unaomtetea Malala kwa mlango wa nyuma. Na usisahau Sura ya 222, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza. Serikali ina mamlaka ya kutoa vibali, haikuyaota.

#16 · Dar es Salaam (wa #3)

Sheria ya namna hiyo hata sisi tunayo, Na. 4 ya 1976. Ukizisoma hizi sheria utadhani mchezo wa kuigiza ni baruti. Na labda ndiyo heshima pekee ambayo serikali zetu zimewahi kuipa sanaa hii, kuiogopa.

#17 · MLETA UZI

#15, simtetei Malala. Nikisoma andiko lake nikaliona baya nitaandika humuhumu kwamba ni baya, na nitafurahi kuwa na kitu cha kulisemea hivyo.

Sasa tufanye kazi. #14 amenipa wazo la Januari, na hilo nitalijaribu shuleni kwangu: usomaji wa mswada mbele ya wanafunzi wote, wapishi na mlinzi wakiwemo, kabla ya kugawa nafasi. Waigizaji wataongea kwanza (#10, hiyo ni yako).

Kwa humu jukwaani napendekeza hivi. Tamasha lijalo likianza ngazi ya kaunti ndogo, yeyote atakayekuwa ukumbini aandike tahakiki moja ya mchezo mmoja na kuitundika kwenye uzi huu. Maneno mia tatu yanatosha. Asiandike alama wala nafasi uliyopata mchezo, na asitaje mwanafunzi yeyote. Ataje andiko na uelekezi. Na tafadhali, hakuna "maudhui yanayojitokeza ni". Aanze na alichokiona: nani alikuwa jukwaani, alitaka nini, nani alimzuia. Mtunzi akija kujibu, apewe nafasi, asizomewe.

Naanza na mchezo ambao shule yangu iliucheza, ili nisionekane nakimbia. Kesho nitatundika. Kuna hotuba ndani yake.

#18

Ya mjomba au ya shangazi?

#19 · (mwamuzi wa #5)

Vipi kuhusu densi bunifu na masimulizi, zinaruhusiwa? Masimulizi ndiyo yenye waandishi wazuri zaidi siku hizi, hata kama hakuna anayesema. Na je, tunaruhusu michezo ya miaka ya nyuma kwa wenye kumbukumbu? Nina karatasi zangu za uamuzi kwenye boksi, majina nitafuta.

#20 · MLETA UZI

Zinaruhusiwa zote. Lete boksi.